Mashini yetu ya kusaga: kutoka mazutu kwenda umeme, na kile kilichotugharimu

Mazungumzo ya komite ya mashini mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Goma



Mkutano uliopita baba mmoja alisimama kule nyuma akauliza: «Feza za mota zilienda wapi? Na juu ya nini tunasikia tena injini ya zamani inalia?» Siku ile hatukumjibu vizuri. Tulisema mambo ya fundi, tukasema mambo ya umeme, tukapita. Baba alikaa, lakini tuliona kwa uso wake kwamba hakushiba. Leo tumekuja kujibu.

Wazee wanajua mwanzo wa mashini, lakini wapya wako wengi. Sisi tulirudi kila mtu na njia yake. Kuna waliotoka Uganda, Nakivale na Kyangwali. Kuna waliotoka kambi za hapa hapa kando ya mji. Kuna waliokimbia Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, wakalala Sake, Minova ama Rubavu, wakarudi wakakuta nyumba haiko tena. Kitu cha kwanza tulichonunua pamoja, kwa michango ya likelemba, kilikuwa mashini ya kusaga. Sababu iko wazi: kila nyumba inakula bugali, na kila mtoto anakunywa uji wa masoso. Injini ilikuwa ya mazutu, silinda moja, nguvu za farasi 15 kwa jinsi kibao chake kilivyoandikwa, inazunguka mara 2,200 kwa dakika. Mkanda wake unazungusha kinu, ile sanduku ya chuma yenye nyundo ndani na chujio chini.

Injini ile ilitufaa miaka. Lakini mnajua mazutu ya Goma. Barabara ikifungwa upande mmoja, bei inapanda kabla jerikani ya mwisho haijaisha. Tena ule moshi. Kijana wetu wa mashini alikuwa anakohoa toka asubuhi, na mama mmoja jirani, mgonjwa wa kifua, alikuwa anafunga madirisha mchana kutwa. Wakati huo umeme ulikuwa umeshafika kwenye avenyi yetu, fazi tatu. Mji huu sasa unapata umeme fasi mbalimbali: kuna ule wa SNEL unaotoka Ruzizi upande wa Bukavu, kuna ule wa Virunga unaotoka Matebe kule Rutshuru, kituo kilichozinduliwa Desemba 2015, zaidi ya megawati 13, kuna na ule wa jua wa Nuru uliojengwa Ndosho mwaka 2020. Mafundi wa kuchomelea vyuma na wa mbao kando yetu walikuwa wameacha jenereta zao. Sisi tukasema: juu ya nini tubaki nyuma?

Kwa hiyo mwezi wa nane 2024 tulinunua mota. Sehemu ya feza ilikuwa ya wanachama, sehemu ilitoka kwa marafiki wa nje. Na hapa ndipo tulikosea.

Tulikosea hivi. Fundi tuliyemchukua alituambia: «Farasi wa umeme iko na nguvu kupita farasi wa mazutu, mota ya kilowati 7.5 itatosha.» Kilowati 7.5 ni kama farasi 10. Sisi tukafurahi, maana ile ndogo ilikuwa bei rahisi. Hakuna mtu katika komite aliyeuliza kinu chenyewe kinataka nguvu ngapi. Tulikuwa tunaangalia injini na mota tu, kama watu wanaolinganisha mbuzi wawili sokoni.

Siku ya kwanza mota ilifungwa mahali pa injini, na puli ile ile ya milimita 150. Mama wa kwanza aliweka mahindi yake. Mashini ilikuwa inanguruma kidogo tu, sisi tunapiga makofi. Mama akaingiza mkono ndani ya ndoo, akasugua unga kwa vidole, akatuangalia. «Hii haiko unga,» akasema. «Hii iko muchanga.»

Alikuwa na haki. Injini ya zamani ilizunguka mara 2,200. Mota hii inazunguka kama mara 1,450. Kwa puli ya 150 upande wa injini na puli ya 100 upande wa kinu, nyundo zilikuwa zinakimbia mara 3,300 kwa dakika. Sasa zilikuwa zinakimbia 2,175. Mtu anaweza kudhani ni kupungua kwa theluthi moja tu. Hapana. Pigo la nyundo linafuata mraba wa mwendo wake, kwa hiyo pigo lilikuwa limebaki chini ya nusu. Mahindi yalikuwa yanavunjika, hayasagiki.

Fundi akaleta puli kubwa, milimita 230. Nyundo zikarudi mwendo wao wa zamani, hata kupita kidogo. Unga ukawa laini, ba mama wakarudi, foleni ikafika barabarani. Kweli tulijisifu. Tuliandika hata katika gazeti letu hili kwamba kazi imekwisha, na mkutano wa mwezi wa tisa ukakubali injini ya zamani iuzwe. Mnunuzi kutoka Sake akaja, akaangalia, akaacha arabuni.

Wiki ya kumi na moja mota ikaungua. Ilikuwa Jumamosi, siku ya watu wengi. Kijana wetu alisikia harufu kama ya plastiki, akaona moshi mdogo, akakimbilia kukata. Ilikuwa imechelewa. Tulipofungua, waya za ndani zilikuwa nyeusi kama makaa.

Baadhi yenu mlisema umeme ni mbaya. Wengine mlisema fundi ametuloga. Fundi mwenyewe alisema unga uliingia ndani, na kwa sehemu ni kweli, maana mota ile ilikuwa ya kufunguka, si ile iliyofungwa kwa ajili ya vumbi. Lakini aliyetufungua macho alikuwa rafiki mmoja wa Ubelgiji, mmoja wa wale wanaochanga kila mwaka, ambaye ametuomba tusitaje jina lake. Alisoma ripoti yetu ya mota iliyoungua, akatuandikia barua ndefu. Tulipoanza kuisoma tulidhani amekosea anwani, kwa sababu ilikuwa inazungumzia ndege ya kuchezea.

Yeye, tangu utoto wake, anapenda kuunda ndege ndogo za kuongozwa kwa redio ukiwa umesimama chini. Zamani ndege hizo zilikuwa na injini ndogo inayokunywa alkoholi ya methanoli iliyochanganywa na mafuta, yenye kelele kama nyuki elfu. Siku moja akaamua kuitoa injini, aweke mota ya umeme na betri. Akasoma nguvu iliyoandikwa kwa injini, akanunua mota kwa kufuata maandishi yale. Ndege ikawa nzito, haipandi. Akaongeza propela kubwa. Ikapanda vizuri sana, akafurahi, halafu mota ikatoa moshi ikiwa angani, na ndege ikaangukia shamba la viazi la mtu.

Anasema alichojifunza ni hiki: nguvu iliyoandikwa kwa injini ni ya mzunguko ambao propela yako pengine haitafika hata siku moja. Usianze na injini inayotoka wala mota inayoingia. Anza na propela. Uliza propela inataka kuzungushwa kwa mwendo gani, na kwa mwendo ule inakula nguvu ngapi. Mota inachaguliwa mwisho. Na ukibadilisha propela, umebadilisha mzigo, hata kama mota ni ile ile.

Tulisoma barua ile mara mbili, na mara ya pili tulinyamaza. Kumbe puli ya 230 ilikuwa propela yetu kubwa. Kwa puli ndogo mota ilikuwa baridi kwa sababu haikuwa inafanya kazi ya kweli. Tulipoipa kinu mwendo wake, kinu kikadai nguvu zake zote, na mota ya kilowati 7.5 haikuwa nazo. Watu wakafurahia unga, mota ikapika waya zake ndani kwa wiki kumi na moja.

Basi tukafanya ile tulipaswa kufanya mwanzoni. Injini ya zamani tukairudisha mahali pake, na aibu yetu, tukasaga nayo gunia la mahindi makavu la kilo 100 huku tunaangalia saa. Dakika 25, na lita moja na robo ya mazutu. Halafu tukafikiri juu ya kibao chake. Farasi 15 ni za pwani. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini inayovuta hewa yenyewe bila msaada inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Kwa hiyo farasi zetu za kweli ni 13 hivi, maana yake kilowati 9 na nusu au zaidi kidogo. Hicho ndicho kinu chetu kinakula kikijaa. Mota ya umeme haipumui hewa kama injini, lakini inahitaji hewa ya kuipoza, na hapa juu inapoa vibaya kidogo. Kwa hiyo usinunue ile inayolingana sawasawa. Saizi inayofuata dukani ni kilowati 11. Hiyo ndiyo tuliyopaswa kununua. Tofauti ya bei tuliyoiokoa mwezi wa nane ilikuwa ndogo kuliko kilo za shaba tulizouza kama chuma chakavu.

Jambo moja linatuuma kulisema, lakini tutalisema. Kati ya mota na umeme wa barabarani panatakiwa kuwa na kifaa kidogo kinachosikia joto la ampea na kukata kabla waya hazijaungua. Panatakiwa pia kifaa kinachochunga fazi, maana fazi moja ikikosa barabarani, mota inaendelea kunguruma kwa zile mbili na kuungua. Fundi alikuwa ameviandika vyote viwili kwenye orodha yake. Sisi komite ndio tulivifuta, tukisema tutaviweka mwezi ujao. Kwa hiyo fundi alikosea saizi, na sisi tulifuta kile ambacho kingegundua kosa lake ile ile wiki ya kwanza. Jina lake hatutalitaja, na tunaomba msimfuate barabarani.

Mnunuzi wa Sake tulimrudishia arabuni yake. Alikasirika, na tunamwelewa.

Sasa tufike Januari 2025. Hatuna haja ya kuwaeleza zile siku. Kila mmoja hapa alikuwa chini ya kitanda chake. Vita vilipoingia mjini mwisho wa mwezi, umeme ulikatika, na maji pia. Watu walikuwa na mahindi kidogo ndani ya nyumba, na muhogo mkavu, lakini mahindi bila kusaga ni mahindi tu. Milio ilipopungua, kijana wetu na mama wawili wa komite walivuka avenyi, wakafungua mlango, wakawasha injini ya mazutu. Tulikuwa na jerikani mbili. Tuliamua ndoo moja kwa kila nyumba, mwanachama ama si mwanachama, bei ile ile. Kuna wanachama waliosema mashini ni yao na wapite mbele. Tulikataa. Wengine hadi leo hawajatusamehe, na tunasema mbele yao kwamba tungefanya vile vile tena.

Fikirini lakini. Kama mota ndogo isingeungua mwezi wa kumi na moja, injini ingekuwa Sake. Siku zile tungekuwa na mota nzima, nzuri, baridi, isiyo na umeme hata kidogo.

Baada ya hapo benki za mji zilifunga milango, na feza zetu za akiba zikabaki upande wa pili wa mlango. Mota ya pili tuliinunua mwezi wa saba kwa michango ya mkononi, nyumba kwa nyumba, na kwa msaada wa marafiki uliopitia simu. Ni ya kilowati 11, iliyofungwa kabisa vumbi lisiingie, feni yake iko nyuma. Inawashwa kwa hatua mbili, kwanza nyota halafu pembetatu, kwa sababu mota ya saizi hii ukiiwasha moja kwa moja inavuta ampea mara sita au zaidi ya kawaida yake, na taa za majirani zinalala. Inawashwa kinu kikiwa tupu. Tafadhali ninyi vijana mnaosaidia: tupu. Mahindi yanaingia baada ya mwendo kutulia.

Siku ya kuifunga, kabla ya kuweka mkanda, tuliiwasha peke yake kuona inazunguka upande gani. Ilizunguka kinyume. Fundi mpya akabadilisha nafasi ya waya mbili kati ya tatu, ikarudi upande wake, dakika tano. Halafu akaleta ile pensi inayoshika waya na kupima ampea bila kuukata. Kinu kikiwa kimejaa: ampea 19. Kilowati 11 inaruhusu kama 21. Ile ya kwanza ilikuwa inaruhusu 15. Joto la waya linafuata mraba wa ampea, kwa hiyo mota ile maskini ilikuwa inabeba joto zaidi ya mara moja na nusu ya lile ilitengenezewa, kila siku, hadi ikashindwa. Pensi ile ni ya kuazima. Tumeamua kununua yetu.

Kazi iliyotutesa kupita zote ilikuwa waya wa ardhi, ule unaopeleka umeme chini mtu asipigwe kama mota ina hitilafu. Katika miji mingine wanapiga chuma ardhini mita mbili wanaenda kunywa chai. Sisi tumejenga juu ya lava. Aliyechimba choo hapa anajua. Chuma kilifika sentimita arobaini kikapinda. Tena jiwe kavu la volkano halipitishi umeme vizuri, hata ukifaulu kuingia. Mwishoni tulifanya mfereji mrefu nyuma ya nyumba, tukalaza waya wa shaba mtupu ndani yake, tukajaza udongo mweusi ulioletwa na chukudu safari nyingi, na maji ya kunawia mikono sasa yanamwagika pale ili ubaki na unyevu. Pamoja na hayo tuliweka kikata umeme kinachosikia umeme ukitoroka. Ninyi wengine mnaofikiria mashini za nyumbani, msiruke jambo hili.

Kuhusu hesabu: gunia lile lile la kilo 100 sasa linachukua kama kilowati-saa nne na nusu. Hatutaandika hapa tofauti kwa franka, maana bei ya mazutu na ya umeme zitakuwa zimebadilika kabla gazeti halijafika mkononi mwako. Chukua lita moja na robo kwa bei ya leo, chukua kilowati-saa nne na nusu kwa bei ya leo, utaona mwenyewe. Mezani kuna daftari la miezi yote, na mwanachama yeyote anaweza kulifungua. Marafiki wa nje watapata nakala ya kurasa zake.

Mota hii haipigi kelele, na hilo limeleta hatari tusiyoitegemea. Injini ya zamani ilikuwa inafukuza watoto kwa mlio wake. Sasa mtoto anaingia hadi kwenye mkanda bila kujua kwamba unakimbia. Wiki ya pili kitenge cha mama mmoja kilishikwa na mkanda. Mungu alisaidia, kilichanika haraka. Tumeweka sanduku la mbao juu ya mkanda wote, na mstari mwekundu chini. Hakuna kupita mstari, hata kama ndoo yako imejaa na unga unamwagika.

Limebaki swali la injini. Kuna pendekezo jipya, limesainiwa na wanachama kadhaa, kwamba iuzwe ili kulipa deni la mota. Deni tuko nalo, hatulifichi. Sisi komite tunaomba mkatae. Injini ibaki kwenye msingi wake upande wa pili wa kinu. Kuhamisha mkanda kunachukua nusu saa. Kuitunza si bure: lazima iwashwe saa moja kila mwezi, ibadilishwe mafuta, chujio lisafishwe, na jerikani mbili za mazutu zikae chini ya kufuli na zizungushwe zisichakae. Hiyo ni feza kila mwezi kwa kitu kinacholala. Tumeiweka kwenye bajeti ukurasa wa mwisho, mtaiona. Anayetaka kusema kinyume aseme sasa, tutasikiliza, halafu tutapiga kura kwa mikono.

Na aliye na ufunguo wa pili wa nyumba ya mashini, tafadhali aurudishe kwa mama mweka hazina kabla ya Jumamosi.